Utamu wa Kusoma Hadi Ukurasa wa Mwisho



Wapendwa waamini na wasomaji wetu wa kila juma, tafakari ya leo tunaielekeza kwanza kwa kundi moja dogo miongoni mwenu, ingawa tunawaomba na wengine wote muisome. Kundi hilo ni la wale wanaosoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara huku wakiendelea na kazi: mawakala wa forodha hapa mpakani Tunduma, walimu wa Mlowo na Vwawa, wahasibu wa halmashauri, maofisa wa benki na mameneja wa SACCOS. Siku tano wako kazini. Mwisho wa juma wako barabarani kwenda Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 100, wakiandamana na malori ya shaba yaendayo bandari ya Dar es Salaam na kupishana na malori ya mafuta yaendayo Zambia na Kongo.

Njia hiyo nasi tuliipita. Tuliporuhusiwa kusoma masomo hayo tulitarajia hesabu, kanuni za fedha na mbinu za uongozi, na kwa kweli tulizipata. Jambo ambalo hatukulitarajia ni furaha tuliyoikuta mahali ambapo wanafunzi wengi huona mzigo, yaani katika kusoma makala na vitabu vya wataalamu. Maoni yetu juu ya furaha hiyo tunayasema wazi tangu mwanzo. Sehemu inayoogopwa kuliko zote katika masomo ya uzamili ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na anayeikwepa kwa kusoma madesa peke yake, au kwa kumlipa mtu amwandikie tasnifu, anajinyima nafsi yake na kuwapunja wale watakaomwamini kesho.

Yamkini mtauliza: padre anatafuta nini katika shule ya biashara? Jibu limo katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Kanuni ya 537 inadai kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Kanuni ya 1284 inamtaka kila msimamizi wa mali ya Kanisa atende kwa bidii ya baba mwema wa familia, atunze vema vitabu vya mapato na matumizi, na atoe taarifa kila mwisho wa mwaka. Sadaka ya mama anayeuza nyanya sokoni haina budi kusomeka katika daftari, tangu inapotoka kapuni hadi inapogeuka kuwa bati juu ya paa la kigango.

Wala jambo hili si geni kwa watu wa Kanisa. Mwaka 1494, mjini Venisi, Ndugu Luca Pacioli, mtawa Mfransisko, alichapisha kitabu kikubwa cha hisabati. Katika sehemu moja ya kitabu hicho alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu zao kwa kuandika kila muamala mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, ili pande zote mbili zishuhudiane. Hakuuvumbua yeye mfumo huo. Aliukuta ukitumika, akauandika vizuri, na kwa njia ya kitabu chake ukaenea mbali. Wahenga wetu walilijua jambo lilelile waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kusoma kwamba mtawa wa karne ya 15 na wahenga wa pwani yetu waliangalia hatari moja, kila mmoja kwa lugha yake, ni miongoni mwa mambo yaliyotufanya tusitake kukifunga kitabu.

Lakini makala iliyotufungulia mlango hasa ilikuwa fupi, yenye kurasa 13 tu. Iliandikwa na mchumi Mmarekani George Akerlof na kutolewa mwaka 1970 katika jarida la Quarterly Journal of Economics. Inazungumzia soko la magari yaliyokwisha kutumika. Hoja yake yaweza kuelezwa hata barazani. Muuzaji anaijua gari yake, mnunuzi haijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha gari nzima na gari mbovu, anakubali kutoa bei ya katikati tu. Mwenye gari nzima akiona bei hiyo ni ndogo anaiondoa gari yake sokoni. Zinazobaki ni mbovu zaidi, mnunuzi anashusha bei tena, na wenye magari ya afadhali nao wanajiondoa. Soko laweza hata kufa kabisa, ingawa walikuwapo watu waliotaka kuuza magari mazuri na watu waliotaka kuyanunua.

Majarida matatu yaliikataa makala hiyo kabla haijapata pa kuchapishwa, na mawili kati yake yaliona inazungumzia jambo dogo mno. Mwaka 2001 Akerlof alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, kwa kazi zao juu ya masoko ambamo mmoja anajua na mwingine hajui.

Tulipoisoma tuliona kahawa. Wakulima wa Mbozi wanajua kazi ya kuchuma mbuni zilizoiva tu, kuzimenya siku ileile, kuziosha na kuzikausha kwa uangalifu juu ya vichanja. Sasa fikirini ushirika ambao unachanganya kahawa ya huyu mwangalifu na ya jirani yake aliyechuma mbichi na mbivu pamoja, kisha unawalipa wote bei moja. Mwaka wa kwanza mwangalifu atanung'unika. Mwaka wa pili atapunguza kuosha. Mwaka wa tatu kahawa yote ya ushirika itakuwa ya daraja la chini, na watu watasema kwamba wakulima wa siku hizi ni wavivu. Makala ile inatufundisha kutafuta kosa mahali pengine: katika namna ya kupima na kulipa. Tumesikia mahubiri mengi juu ya uvivu, na baadhi yake tumeyahubiri sisi mapadre. Ni vema mhubiri naye ajue kwamba wakati mwingine mkulima anafanya hesabu sahihi ndani ya utaratibu mbaya.

Hapo ndipo utamu wa usomaji huu ulipo. Kwa miaka mingi mtu huona jambo mbele ya macho yake, hulizungumza, hulilalamikia, lakini hajui limeunganaje. Kisha mtu wa mbali, ambaye hajapata kufika Songwe, anaandika kurasa chache, na jambo lile linasimama wazi. Furaha yake ni ya kutambulishwa kwa jirani uliyemwona kila siku bila kumjua jina. Aidha ni furaha isiyomnyang'anya mtu mwingine kitu. Ukishaielewa makala, mwenzako anabaki nayo yote.

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kumsoma Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika Summa yake Tomaso haanzi na jibu lake. Huanza na hoja za wapinzani, tena anazipanga kwa nguvu zake zote, kisha ndipo anatoa jibu, na mwishoni anarudi kuijibu kila hoja moja moja. Makala nzuri ya kitaaluma ina adabu ya namna hiyo. Mwandishi hutakiwa kueleza waliomtangulia wamesema nini, ameona wapi pengo, ametafuta ushahidi kwa njia gani, na ushahidi huo unaishia wapi. Tuliofundishwa na Tomaso tulijisikia tuko nyumbani katika shule ya biashara. Na tuseme ukweli, adabu hiyo ni adimu katika mazungumzo yetu ya kila siku, ambamo mtu hudharau hoja ya mwenzake kabla hajaisikia.

Kitabu cha pili kilichotushika ni cha mama mmoja mtaalamu wa siasa, Elinor Ostrom, kilichotoka mwaka 1990, kinachohusu usimamizi wa mali ya wote. Ili kukielewa yabidi kwanza kukumbuka makala ya Garrett Hardin ya mwaka 1968. Hardin aliwaza malisho ya pamoja ambamo kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja zaidi, kwa kuwa faida ni yake peke yake na hasara ni ya wote, hadi majani yanakwisha. Wengi walihitimisha kwamba dawa ni mbili tu: serikali ichukue usimamizi, au mali igawanywe kwa watu binafsi. Ostrom hakuridhika. Alikusanya habari za watu waliotunza mali ya pamoja kwa vizazi na vizazi: wafugaji wa kijiji cha Törbel milimani Uswisi, na wakulima wa mifereji ya Valencia nchini Hispania. Törbel walikuwa na kanuni ya mwaka 1517 kwamba mwananchi asipeleke malishoni mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Kanuni nyepesi, kila mmoja anaielewa, na kila jirani anaweza kuhesabu ng'ombe.

Kutokana na mifano kama hiyo alitoa misingi inayoonekana mahali ambapo ushirika umedumu: inajulikana nani ni mwanachama na nani siye, kanuni zinalingana na mazingira, wanachama wanashiriki kuzitunga, wasimamizi wanawajibika kwa wanachama, adhabu huanza ndogo na kupanda hatua kwa hatua, ugomvi unasuluhishwa karibu na kwa gharama ndogo. Mwaka 2009 Ostrom akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Akina mama wa VICOBA wanaosoma ukurasa huu watakuwa wanatabasamu. Wao wana sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu. Wana kanuni kwamba mwanachama hakopi zaidi ya mara tatu ya hisa zake. Anayechelewa kikao anatozwa faini ndogo. Anayekataa kulipa mkopo anafuatwa na wenzake kabla ya kufikishwa kwa mtendaji. Hawakumsoma Ostrom, naye katika kitabu kile hakuwaandika wao. Hata hivyo walikuwa wakiongea jambo moja. Tulipofika mwisho wa kitabu tuliwatazama wanachama wa vikundi vyetu kwa heshima mpya, kwa kuwa tulijua sasa kwamba zile kufuli tatu ni hekima iliyopimwa katika mabara mengi, na kwamba mwanakikundi anayetaka sanduku liwe na kufuli moja "ili kurahisisha mambo" anagusa nguzo ya nyumba.

Si kila kitabu tulikubaliana nacho, na huo nao ni utamu wa aina yake. Goran Hydén, msomi Mswidi aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1980 alitoa kitabu juu ya Tanzania baada ya Ujamaa Vijijini. Alisema kwamba mkulima mdogo, kwa kuwa ana shamba lake na anajilisha mwenyewe, anaweza kuwakwepa serikali na soko pia. Tena anaishi katika uchumi wa mapendo, yaani mtandao wa kusaidiana kwa ukoo, ujirani na dini. Kwa kiasi kikubwa Hydén aliuona mtandao huo kuwa kizuizi cha maendeleo. Tulijaza pembeni mwa nakala yetu maandishi ya penseli. Mtu aliyekaa Tunduma anajua kwamba mfanyabiashara mdogo huanza kwa mali kauli: anapewa mzigo bila fedha, kwa neno lake na kwa jina la anayemfahamu, auze kisha alete malipo. Bila mtandao ule, vijana wengi wasingalipata mtaji wa kwanza. Lakini penseli yetu ilipotulia tulikiri kwamba Hydén ana hoja, kwani tunajua pia maduka yaliyokufa kwa sababu kila ndugu alikuja kuchukua sukari bila kulipa. Tangu siku hiyo tunamwona Hydén kama mzee wa kikao ambaye humkubali kila asemalo, lakini hungependa akose kikaoni.

Ipo shida ambayo hatuwezi kuificha: karibu maandiko yote haya yako kwa Kiingereza, tena Kiingereza kizito. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sentensi ya mistari sita hutuchosha. Njia iliyotusaidia ni ya zamani. Soma kwanza ikisiri na hitimisho ili ujue mwandishi anakwenda wapi. Rudi mwanzo, soma na penseli mkononi. Jedwali usiliruke; jiulize namba zimetoka wapi na ni akina nani hawakuhesabiwa. Mwisho, jaribu kuieleza hoja yote kwa Kiswahili kwa mtu ambaye hakuisoma. Sisi tulijipa sharti kwamba hoja tusiyoweza kuieleza kwa Kiswahili mbele ya halmashauri ya fedha, basi bado hatujaielewa. Kwa njia hiyo Kiswahili kikawa mizani, na mara nyingi kilituonyesha kwamba sentensi iliyoonekana nzito ilikuwa na wazo jepesi ndani yake.

Tunazijua hoja za wanaotupinga, na kwa adabu ya Tomaso tuziseme. Wanasema: padre ana muda, sisi tuna watoto, mashamba na mabosi. Wanasema: mwajiri anatazama cheti, hatazami nilisoma makala ngapi. Na siku hizi wanaongeza: akili mnemba inanipa muhtasari wa kurasa 40 kwa nusu dakika, ya nini kuhangaika?

Hoja ya muda ni ya kweli, wala hatuidharau. Tunajibu tu kwamba kurasa 5 kila alfajiri ni kurasa 150 kwa mwezi, na kwamba mtu akishaonja hulitafuta jambo lile mwenyewe bila kusukumwa. Kuhusu muhtasari, uwe wa desa la mwenzako au wa mashine, ni sawa na kuambiwa matokeo ya mechi ya Simba na Yanga bila kuitazama: umemjua mshindi, lakini mchezo hukuuona. Muhtasari unakupa hitimisho na kukuficha njia; nawe kazini hutakutana na hitimisho la Akerlof, utakutana na jambo jipya ambalo hakuna aliyekuandikia muhtasari wake.

Hoja ya cheti ndiyo inayotusumbua moyoni, na kwa ajili yake tumeandika leo. Fikirini meneja wa SACCOS aliyelipia tasnifu yake. Mbele yake wanakaa wakulima waliouza mahindi wakaweka akiba. Analetewa ombi kubwa la mkopo lenye taarifa za fedha za kurasa kumi, zilizopangwa na mtu mjanja. Kazi ya siku hiyo ni kusoma: kusoma polepole, kwa shaka, hadi ukurasa wa mwisho, na kuuliza namba ambayo haipo. Yeye hakuwahi kufanya hivyo hata mara moja; aliyefanya ni yule aliyemlipa. Atatia saini. Fedha ikipotea, watakaolia hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Kwa hiyo tunawaambia wanetu waziwazi kwamba kununua tasnifu ni uongo na ni wizi, na anayeibiwa ni mjane mwenye hisa tano.

Tungependa hata hivyo msiache udanganyifu kwa kuogopa dhambi tu. Acheni pia kwa sababu mnauza kitu kitamu kwa bei ya hasara. Mmelipa ada kwa fedha ya kahawa na ya mpunga. Mmeacha usingizi na watoto. Mkalipa tena ili mtu mwingine akaketi kwenye karamu mliyoandaa ninyi. Cheti kitaning'inia ukutani na baada ya miaka michache hakuna atakayekitazama. Uwezo wa kukaa na mawazo ya mtu mwingine kwa saa mbili, ukayapima kwa haki, utakwenda nao kazini, kikaoni, na hata nyumbani unapomsikiliza mwenzi wako wa ndoa.

Basi tunatoa ombi moja dogo. Kila mwanafunzi wa uzamili aliye katika parokia hii achague mwezi huu makala moja tu kati ya zile alizopewa chuoni, aisome yote, kisha aieleze kwa Kiswahili katika Jumuiya yake Ndogo Ndogo ya Kikristo baada ya sala, kwa dakika 10. Wazee wamuulize maswali wanavyotaka. Wafanyabiashara wa sokoni wamwambie ni wapi mwandishi amepatia na ni wapi hakupajua. Tunaamini kwamba mwanafunzi atarudi chuoni akiwa na maswali bora kuliko aliyotoka nayo, na jumuiya itajua ada ile ilikwenda wapi. Makala ya Akerlof tunayo nakala ofisini kwetu kwa atakayependa kuanzia hapo. Ina alama nyingi za penseli pembeni; msizijali, ongezeni zenu.

Tunawatakia juma jema.